Narudi nyumbani na branula mkononi na kile kifuniko hakuna anayekifuta. Hii ni sawa?

#1 Chekeche
Habari za mchana wakuu.

Nimeandikiwa sindano za siku tano, asubuhi na jioni. Hawakunilaza. Wameniwekea branula ya pinki, kale kampira kadogo kanakobaki ndani ya mshipa ili kupitishia dawa, nyuma ya kiganja, wakaibandika plasta, wakaniambia nenda nyumbani urudi saa kumi na mbili. Ndiyo maisha yangu tangu Jumatatu: napanda mwendokasi na kidude mkononi, nashika bomba nacho, usiku nalala nacho kama kifaranga.

Jana jioni nikasema leo niangalie vizuri. Nesi kaja, kainua kile kifuniko kidogo cha juu kwa kidole gumba, kachomeka bomba la sindano, kasukuma dawa, kafunga. Hapo katikati hakufuta kitu. Na mimi najua kifuniko kile kimepita wapi. Kimegusa vyuma vya basi, kimelala kwenye shuka, kimefunguliwa mara mbili na mwanangu wa miaka minne anayetaka kujua ndani kuna nini.

Leo nimeamka, pale juu ya branula pamekuwa pekundu, panauma nikigusa, na kuna kamstari kagumu kanapanda kuelekea kwenye mkono. Ni ule uchafu wa kifuniko, au ni dawa yenyewe? Nisaidieni kabla ya saa kumi na mbili.

#2 Kifaurongo
Nimevuta kigoda na karanga zangu. Waje wahusika.

#3 Mto Njoro
Pole ndugu yangu. Mimi ni fundi magari hapa Nakuru, sijui dawa, lakini ata mimi naona hiyo laini nyekundu si ya kungoja jioni.

#4 NesiWaUsiku
Chekeche, fundi magari kasema kweli. Nenda sasa hivi waitoe. Branula yenye wekundu, maumivu na mshipa uliokakamaa kama kamba haina mjadala. Inatolewa, inawekwa nyingine mkono wa pili. Na ukipata homa au baridi ya kutetemeka, usiende kuchoma sindano, nenda umwone daktari.

Sasa kifuniko. Branula uliyo nayo ina midomo miwili: wa nyuma unaopokea mpira wa dripu, na wa juu wenye kifuniko cha rangi. Wa juu ndiko wengi wetu tunasukumia dawa kwa sababu ni rahisi, unainua kwa kidole tu. Ubaya wake ni umbo. Ukiufungua kuna kishimo, na valvu iko chini ya kishimo. Pamba haifiki huko. Unaweza kufuta ukingo mpaka ung'ae na chini kukabaki vilevile. Kifuniko chenyewe kinazuia vumbi, hakiui kitu. Ndiyo maana mgonjwa akiwa na kampira ka nyongeza au koki ya njia tatu, dawa ipitie huko, na mdomo wake usuguliwe, uachwe ukauke, ndipo uchomeke. Nimesema usuguliwe. Si kugusa kama unapaka rangi ya kucha.

#5 MzeeWaKarabai
Vijana mnahangaika bure. Nunua spiriti yako dukani, ile ya kuwashia karabai, weka pamba kwenye kopo la vaseline lililooshwa, mimina spiriti, funga. Ukifika kwa nesi unamfungulia kopo lako, anachukua pamba moja anafuta. Mke wangu alilazwa wiki tatu na sisi tulifanya hivyo, hakupata hata kipele.

#6 MtuWaDarubini
Mzee shikamoo, lakini kopo lako hilo ni shamba la wadudu.

Kwanza, spiriti ya kuwashia taa ina methanoli. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa sindano wa 2010 limekataza methanoli kwa kazi hii. Kinachotakiwa ni alkoholi ya asilimia 60 hadi 70.

Pili, mwongozo huohuo umekataza pamba kulowekwa mapema kwenye kopo. Kila mkono unaoingia unaacha wadudu wake mle, na spiriti inapungua nguvu kila ukifungua. Pamba ilowekwe pale pale wakati wa kutumia. Kwenye darubini hizo pamba za kopo nimeziona, sitaki kuwaharibia chakula.

#7 Bwana Mipingo
#6 umenishangaza. Asilimia 70? Si bora 99, ndiyo kali zaidi?

#8 MtuWaDarubini
Hapana. Alkoholi inaua kwa kuharibu protini za mdudu, na kazi hiyo inahitaji maji. Ile kali mno inakausha ganda la nje haraka halafu inaruka hewani kabla haijaingia ndani. Yenye maji kidogo inakaa, inapenya. Hata hivyo kuna wadudu wenye mbegu ngumu ambao alkoholi ya namna yoyote haiwaui.

#9 MzeeWaKarabai
Marahaba. Wiki tatu, hata kipele. Nimemaliza.

#10 Bwana Mipingo
Mimi naona mnamsingizia kifuniko. Chekeche, dawa yako ni seftriaksoni, ile antibiotiki? Kama ndiyo, jibu unalo. Ile dawa inachoma mshipa. Mimi nilichomwa siku saba, kila siku mkono unawaka kama umepakwa pilipili, na nesi wangu alikuwa msafi kuliko mama mkwe. Ilipozidi nikawaambia wachanganye na lignokeni, ile dawa ya ganzi. Maumivu kwisha.

#11 NesiWaUsiku
MIPINGO HAPANA. Lignokeni inachanganywa na seftriaksoni kwa sindano ya tako tu. Kwenye mshipa HAIINGII, inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Kama ulichanganyiwa hivyo ukapigwa mshipani, shukuru Mungu, na usimshauri mtu. Au labda walikuhamishia kwenye tako na umesahau?

#12 Bwana Mipingo
Nimeuliza nyumbani. Lilikuwa tako. Naomba radhi kwa kadamnasi.

#13 Kifaurongo
Mtu anasahau mkono na tako, halafu anatoa ushauri wa tiba. 😂 Karanga zimeisha, naagiza nyingine.

#14 NesiWaUsiku
Ila kwa dawa kuchoma mshipa Mipingo yuko sawa. Gramu moja ya seftriaksoni unaiyeyusha na maji ya sindano mililita 10, unaisukuma pole pole, dakika mbili hadi nne. Ukikuta foleni ndefu mtu anaisukuma kwa sekunde ishirini. Mshipa unavimba bila mdudu hata mmoja. Wekundu mwingi tunaouona wodini ni wa hivyo, wa dawa au wa branula kucheza cheza, hasa ikiwekwa karibu na kiungo. Chekeche umesema nyuma ya kiganja. Kila ukishika bomba la basi, ncha ya ndani inakwaruza mshipa.

#15 Chekeche
Ni seftriaksoni kweli. Na jana alisukuma haraka, sikuhesabu ila alikuwa anaongea na simu. Nipo njiani naenda. Endeleeni.

#16 MamaTatu
Mimi nitasema la watoto kwa sababu naona mnaongelea watu wazima wanaojua kunyoosha mkono.

Mtoto wangu wa miezi tisa aliwekewa ile ya njano, ndogo kabisa, mkononi. Ili asikunje wakamfunga na kipande cha boksi la glovu, bandeji juu. Vizuri. Saa moja baadaye nageuka, mtoto kaingiza mkono mzima mdomoni, boksi limelowa mate, kifuniko cha njano kipo kati ya fizi. Nikamwita nesi, akakitoa, akakipangusa kwenye gauni lake, akakirudisha. Nikabaki namtazama. Akaniambia, "Mama, si mate ya mwanao mwenyewe?"

Nilikosa jibu. Mpaka leo natafuta jibu la kumpa.

#17 MtuWaDarubini
Jibu ni kwamba mate yake mwenyewe mahali pake ni mdomoni, si kwenye damu. Hata wadudu wanaoishi kwenye ngozi yako salama miaka yote wakipewa njia ya kuingia mshipani wanageuka wageni wabaya. Kifuniko kikidondoka au kikilambwa kinatupwa, kinawekwa kipya.

#18 MamaTatu
Asante. Nitaliandika kwenye karatasi nitembee nalo.

#19 Mie wa Darajani
Assalaam alaykum. Mie nakuja na kisa cha mpira wa shingoni, kwa sababu huko ndiko kifuniko kinaua.

Babaangu alikuwa akisafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Fistula ya mkononi, yaani mishipa iliyoungwa kwa upasuaji ili mashine ivute damu hapo, ilikuwa haijakomaa, ikabidi atumie mpira wa shingoni wenye ncha mbili, nyekundu na buluu. Kila siku ya mashine vile vifuniko viwili vinafunguliwa, anaungwa, akimaliza wanatia dawa ya kuzuia damu isigande, wanafunga. Mwezi wa kwanza hana neno. Mwezi wa pili ikaanza kitu cha ajabu: anaondoka nyumbani mzima, anacheka na dereva, akishawekwa kwenye mashine nusu saa tu anaanza kutetemeka mpaka kitanda kinalia. Wakimtoa, jioni homa imeshuka. Tukasema baridi ya chumba. Tukampelekea blanketi, hata kofia ya sufi.

Daktari mmoja ndiye aliyetuuliza: anatetemeka siku za mashine pekee? Akachukua damu kutoka kwenye mpira na damu kutoka mkononi, zote zikaota mdudu mmoja. Kumbe mdudu amejenga ndani ya mpira, kila mashine ikivuta damu inamsukuma mwilini. Mpira ukatolewa. Blanketi tunalo bado.

#20 Mto Njoro
Pole sana. Ni kama uchafu kwa tenki ya petroli. Gari imesimama, hakuna shida. Ukiwasha tu, pampu inavuta.

#21 Mie wa Darajani
Hivyo hivyo. Ungekuwepo wakati ule usingetuacha tununue kofia.

#22 MtuWaDarubini
Kisa cha Darajani ni cha kitabuni kabisa, lakini kwa hicho hicho nataka kumtetea nesi wa Chekeche kidogo. Mdudu ana njia mbili kubwa: nje ya mpira, kutoka kwenye ngozi pale palipochomwa, na ndani ya mpira, kutoka kwenye mdomo unaofunguliwa. Mpira wa muda mfupi, siku chache, njia ya ngozi ndiyo inaongoza. Ile inayokaa wiki na miezi, kama ya shingoni au ya wagonjwa wa saratani, ndiko midomo inaongoza, kwa sababu imefunguliwa mara nyingi mno na ndani umejengeka utando wa wadudu ambao hata antibiotiki hazipenyi vizuri.

Kwa hiyo branula ya siku tatu, ningeuliza kwanza ngozi ilifutwaje siku ya kuweka, na plasta ilikuwa na hali gani. Kifuniko ningekiweka cha pili.

#23 NesiWaUsiku
Cha pili sawa, lakini usiwape watu ruhusa ya kukisahau. Branula ya Chekeche inafunguliwa mara mbili kwa siku na mtoto wa miaka minne anaongeza za kwake.

#24 Bwana Mipingo
Narudi kwa unyenyekevu. Si kuna sheria ya saa 72? Siku ya tatu branula inatolewa hata kama nzima. Tangu Jumatatu ameshapita. Hapo ndipo tatizo.

#25 MtuWaDarubini
Ilikuwa hivyo sehemu nyingi na bado wengi wanafuata. Lakini watafiti wa Australia, akiwemo nesi profesa Claire Rickard, walilinganisha watu waliobadilishiwa kwa ratiba na waliobadilishiwa pale tu ilipolazimu. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2012: uvimbe wa mshipa asilimia 7 pande zote mbili. Kuchomwa upya bila sababu hakukuwasaidia.

#26 NesiWaUsiku
Ndugu yangu Darubini, utafiti ule ulikuwa kwa wagonjwa wanaoangaliwa branula kila siku. Huyu wetu anaangaliwa na nani saa nane za usiku? Mtoto wa miaka minne. Kama hakuna jicho la kuangalia, mimi bado nafuata saa zangu 72.

#27 Kifaurongo
Huyo mtoto apewe ajira, ndiye pekee aliyechunguza kifuniko kwa makini.

#28 Msafiri wa Maskati
Salaam kutoka Maskati. Huku mama yangu mdogo alikaa na mpira mrefu wa mkononi miezi miwili kwa dawa za saratani. Manesi wake wengi Wahindi na Wafilipino. Kila mdomo umefungwa kikofia chenye sponji ya alkoholi ndani, unakizungusha tu, kinasafisha muda wote, kikitoka kinatupwa. Na kabla ya kuchomeka wanasugua sekunde 15 kwa kitambaa cha alkoholi na kloheksidini (dawa ya kuua wadudu), halafu wanasubiri ikauke. Plasta ya plastiki ya kuonea inabadilishwa kila wiki. Yule nesi wa Kerala, India, alikuwa anaimba wimbo mfupi akisugua, ukiisha wimbo ndiyo sekunde zimetimia. Mama mdogo akaujua wimbo wote bila kujua maana hata neno moja.

Na mkumbuke Marekani, jimbo la Michigan. Daktari Peter Pronovost na wenzake walitumia orodha ya mambo matano kwenye wodi za wagonjwa mahututi zaidi ya 100, wakaandika mwaka 2006. Kiwango cha kati cha maambukizi ya mipira kilitoka 2.7 kwa kila siku 1000 za mpira mpaka sifuri ndani ya miezi mitatu. Usafi tu.

#29 MtuWaDarubini
Nyongeza kwa #28. Yale matano yalikuwa kunawa mikono, kujifunika kamili wakati wa kuweka, kloheksidini kwenye ngozi, kukwepa mshipa wa kinena, na kutoa mpira usiohitajika. Kufuta mdomo wa mpira hakumo kwenye orodha ile. Na ile ilikuwa mipira mikubwa ya mahututi, si branula ya mwendokasi.

#30 Msafiri wa Maskati
Kwa hiyo kufuta kusifanyike?

#31 MtuWaDarubini
Sijasema hivyo. Nasema usiitumie Michigan kama shahidi wa kifuniko.

#32 NesiWaUsiku
Niwape hesabu ya huku kwetu. Usiku niko peke yangu na wagonjwa 40. Chukulia kila mmoja ana dawa mbili za mshipa. Hiyo ni midomo 80. Sekunde 15 za kusugua mara 80 ni dakika 20. Sekunde 15 nyingine ikauke, dakika 20 nyingine. Bado sijayeyusha dawa, sijasukuma dakika mbili hadi nne kila moja, sijanawa mikono. Na umeme ukikatika nashika simu kwa meno ili nione mshipa. Vitambaa vya alkoholi vya paketi vikiwepo nashukuru, visipokuwepo narudi kwenye pamba.

#33 MamaTatu
Dada nakuelewa. Ila dakika 40 kwa roho 40, ni dakika moja moja.

#34 NesiWaUsiku
Karibu zamu ya Ijumaa unishikie tochi, nami nitaimba ule wimbo wa Kerala.

#35 MzeeWaKarabai
Naona kopo langu limesahaulika. Haya, semeni na hili: mbona hamuzungumzii chupa yenyewe ya dripu? Nimeona wanaichoma sindano tupu juu ili ipitishe hewa, inabaki mle mpaka kesho. Mnafuta mdomo wa mto huku juu chemchemi iko wazi.

#36 MtuWaDarubini
Mzee hapa umepiga penyewe. Marekani mwaka 1970 na 1971 wagonjwa hospitali nyingi waliugua maambukizi ya damu, manesi na madaktari wakatafuta kosa mikononi mwao. Kumbe wadudu walikuwa kwenye vifuniko vya kuzungusha vya chupa za maji ya mshipa, tangu kiwandani. Hakuna pamba ambayo ingezuia.

#37 MzeeWaKarabai
Wiki tatu. Hata kipele.

#38 Mto Njoro
Swali la kando: kwa nini watu wanapenda dripu hivyo? Jirani yangu akichoka anaenda kuwekewa maji ya chupa moja, anarudi anatembea kama amenunua shamba.

#39 Bwana Mipingo
Hata huku. "Nimetundikiwa chupa mbili" ni cheo. Nusu lita ya maji ya chumvi na tundu mkononi ambalo hukulihitaji. Wengine wanachomwa kwenye duka la dawa la mtaani, ambalo halina ruhusa ya kuchoma sindano. Na kama unaweza kumeza, uliza kama vidonge vipo. Tako na mkono vyote vitapumzika.

#40 Kifaurongo
Mipingo na tako hawaachani.

#41 Chekeche
Wakuu nimerudi. Wameitoa. Alikuwa nesi mwingine, mtu mzima. Alipobandua plasta akaninyooshea kidole bila kusema: chini ilikuwa imelowa, nyeupe kama vidole vya mtu aliyefua. Nikakumbuka Jumanne niliosha vyombo. Nimefunga mfuko wa nailoni nikadhani nimemaliza.

Nikamuuliza, ni maji, ni kifuniko, ni dawa kusukumwa haraka, au ni kushika bomba? Akasema, "Baba, chagua unalolipenda, vyote umefanya." Hakuna homa, daktari kaangalia, kasema niendelee na dawa ila nikiona kutetemeka nirudi hata usiku wa manane. Sasa nina ya bluu, mkono wa kushoto, katikati ya kiwiko na kiganja. Ameunga kampira kafupi, kasugua mdomo wake kwa kitambaa cha paketi. Nilihesabu kimoyomoyo, ikafika sita.

#42 MtuWaDarubini
Sita si haba. Akakausha?

#43 Chekeche
Akapuliza kwa mdomo.

#44 NesiWaUsiku
Eeh Mungu wangu.

#45 Kifaurongo
😂😂😂 Mzee wa Karabai lete kopo.

#46 MamaTatu
Chekeche, na ile ya pinki umeitupa wapi? Isije ikawa mwanao kaichukua.

#47 Chekeche
Imeingia kwenye boksi la njano la sindano, mbele ya macho yake, nilikuwa nimeenda naye. Kalia njia nzima ya kurudi. Sasa amekaa mbele yangu anaiangalia ya bluu.